Belinda hakuulizwa: mwisho wa Daktari wa Ncuti Gatwa

Tangu tamthilia ya Doctor Who ilipofunga msimu wake tarehe 31 Mei 2025, sisi mashabiki tumegawanyika. Wapo wanaosema sehemu ya mwisho, The Reality War, ilimuaga mwigizaji Ncuti Gatwa kwa heshima aliyostahili: Daktari anajitoa mhanga ili mtoto mmoja arudi kuwapo. Wengine wanasema sehemu hiyo moja iliubomoa msimu mzima. Nimeirudia mara kadhaa, na naona kila upande umeshika jambo la kweli. Ila kilio kikubwa kimekuwa juu ya Daktari na kuondoka kwake mapema, ilhali aliyedhulumiwa zaidi ni Belinda, msafiri mwenzake.

Kwa ambaye hakufuatilia: Daktari ni msafiri wa wakati mwenye umbo la binadamu, na akikaribia kufa mwili wake hubadilika, akaingia mwigizaji mwingine. Utaratibu huo ulianza 1966, William Hartnell alipompisha Patrick Troughton, na ndio ulioiwezesha tamthilia hii ya BBC kudumu tangu Novemba 1963. Gatwa, aliyezaliwa Kigali na kukulia Scotland baada ya familia yao kukimbia mauaji ya kimbari ya 1994, ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kuibeba kama mhusika mkuu. Jo Martin alishamwigiza Daktari mwaka 2020, lakini kwa kupita tu.

Belinda Chandra, anayeigizwa na Varada Sethu, ni muuguzi wa London. Katika sehemu ya kwanza ya msimu anatekwa na maroboti, Daktari anamwokoa, kisha anampima vinasaba bila kumwomba ruhusa. Belinda anamjia juu papo hapo: yeye si kituko kingine katika safari zake. Anachotaka ni kurudishwa nyumbani, tarehe 24 Mei 2025, akawahi zamu yake. Mimi hapo ndipo nilipompenda. Tumezoea wasafiri wanaoingia ndani ya kile kibanda cha bluu, chombo cha Daktari, huku macho yaking'aa. Huyu alitaka kutoka, na alijua haki yake.

Wiki baada ya wiki msimu ukaenda hivyo, yeye akidai nyumbani. Halafu ikaja Wish World, sehemu ya saba. Dunia imegeuzwa kufuata ndoto za Conrad, mtangazaji wa podikasti mwenye chuki: wanawake wote ni wake wa nyumbani, na anayeonyesha shaka anaripotiwa. Ukianza kutilia shaka, vikombe vinapenya mezani na kuvunjika sakafuni. Belinda ni mke wa Daktari, ana binti aitwaye Poppy, na hakumbuki kwamba aliwahi kuwa muuguzi. Kuna wakati anakimbilia msituni na kupiga mayowe bila kujua kwa nini. Sehemu nzima inatuambia kwamba kumpa mwanamke ndoa na mtoto bila yeye kuchagua ni jela.

Sasa njoo kwenye sehemu ya mwisho. Ndoto inavunjika na Poppy anatoweka. Daktari na Belinda wanapokezana kikoti chake, kila kikipita mkononi kinazidi kuwa kidogo, mpaka hakuna kinachobaki wala anayekumbuka kilikuwa cha nani. Ni Ruby pekee, msafiri mwenzake wa msimu uliotangulia, anayejua kwamba kulikuwa na mtoto. Kwa maoni yangu ni dakika bora kuliko zote za msimu huu. Daktari anaamua kutumia nguvu ya mwili wake kuusogeza uhalisia kidogo tu, ili Poppy arudi. Poppy anarudi, lakini si binti yake tena. Ni binti wa Belinda na mwanamume mwingine, na imekuwa hivyo tangu mwanzo. Matukio ya sehemu zilizopita yanarudiwa mbele ya macho yetu, safari hii Belinda akimtaja mtoto wake. Kumbe haraka yote ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kumuwahi Poppy.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Katika sehemu hiyohiyo tunaambiwa kwamba kizazi cha Daktari kimekatika, hakuna wa kwao anayeweza kuzaa tena. Adui yake, Rani, anamtazama Poppy na kumkataa kwa sababu damu yake imechanganyika na ya binadamu. Kwa Rani mtoto ni mbegu ya taifa, na mbegu isiyo safi hutupwa. Daktari anamtoa mhanga nani? Nafsi yake, kwa ajili ya mtoto yuleyule aliyekataliwa, na anaridhika hata baada ya kugundua kwamba si damu yake. Nikimtazama Gatwa akiigiza hayo, siwezi kusema mwisho huu haukuwa na moyo. Wanaongeza pia kwamba mama anayelea mtoto huku akifanya kazi yake ya uuguzi hafanani na mke aliyefungiwa katika ndoto ya Conrad. Ni kweli, na sitaki hoja yangu isomwe kama dharau kwa umama.

Lakini Belinda tuliyemjua kabla ya ndoto ya Conrad hakuwa na mtoto. Alidai nyumbani kwa sababu ni kwake, na hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Tamthilia iliyoanza kwa kumtetea asipimwe vinasaba bila ridhaa imeishia kumwandikia maisha mapya bila ridhaa, naye anashukuru kwa kuwa hana kumbukumbu ya yale ya kwanza. Tena wakati mapambano yanapamba moto yeye amefungiwa ndani ya chumba cha usalama akiwa amempakata mtoto. Simlaumu Daktari, maana hakujua matokeo yangekuwa hayo. Namlaumu mwandishi, Russell T Davies, ambaye alikuwa na Conrad mkononi kama onyo, kisha hakuona kwamba njia aliyoichagua inafanana na ya Conrad.

Kuhusu Gatwa kuondoka baada ya misimu miwili mifupi ya sehemu nane nane, nasikitika kama wengine, ila sikubaliani na wanaosema hakupewa cha kuigiza. Tazama The Story & the Engine, ya tarehe 10 Mei, iliyoandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria ambaye tayari alikuwa ameandikia jukwaa mchezo kuhusu vinyozi wa London na miji ya Afrika, Kampala ikiwamo. Daktari anakwenda Lagos kwa kinyozi, na anaeleza kwamba sasa, akiwa katika mwili mweusi, hapo ndipo mahali anapopokelewa kama mmoja wao bila maelezo. Wateja wametekwa, wanalazimishwa kusimulia hadithi, na hadithi hizo ndizo mafuta ya chombo kinachosafiri juu ya mgongo wa buibui. Binti wa Anansi, yule buibui mjanja wa ngano za Afrika Magharibi, yumo. Kwa mtu aliyekulia kwenye hadithi za paukwa pakawa, kuona usimulizi wenyewe ukifanywa nguvu ya kuendeshea chombo ni furaha ambayo tamthilia za sayansi ya kubuni hazitupi mara nyingi. Kilichonisikitisha ni kwamba hakupata muda wa kurudi huko.

Sasa mjadala umehamia kwa Billie Piper, aliyeanza mwaka 2005 kuigiza Rose Tyler, msafiri mwenzake Daktari, na ambaye sura yake ndiyo iliyotokea Daktari alipobadilika. Maandishi ya mwisho yalimtaja jina bila kusema anaigiza nani. Oktoba 2025 BBC ilitangaza kwamba ushirikiano na Disney umekwisha na kwamba Davies ataandika sehemu maalumu ya Krismasi ya 2026, kwa hiyo kila mtu anabashiri. Mimi swali la Piper ni nani halininyimi usingizi. Litajibiwa, maana limewekwa ili lijibiwe. La Belinda halikuwekwa kama swali, na hilo ndilo linaloniudhi. Dakika tano za Krismasi zingetosha: mtu aende kwa Belinda, amweleze kwamba aliwahi kuwa na maisha mengine, kisha amwache aseme anavyoona yeye.