Kondoo wa Sachsen na ng'ombe wa Idodi

Kamwene ndugu zangu wa Iringa, na wote wa Nyanda za Juu Kusini.

Huku ninakoishi, jimbo la Sachsen mashariki mwa Ujerumani, gumzo la vijijini ni mbwamwitu. Nilipomsimulia mama kwa simu alidhani ni hawa wetu wa Hifadhi ya Ruaha, wenye mabaka na masikio ya duara. Hapana, hawa ni wa kijivu na wakubwa. Wajerumani waliwamaliza kwa bunduki zamani, kisha wengine wakavuka wenyewe kutoka Poland, na mwaka 2000 wakazaa hapa. Leo makundi yao nchi nzima yamepita 200. Watu wa mjini wanashangilia. Wa kijijini wamejaa hasira.

Jirani yangu anafuga kondoo. Asubuhi moja alikuta watatu wamelala kwenye majani yenye umande, koo zimetobolewa. Kabla ya saa sita mchana mtu wa serikali alikuwa ameshafika. Alivaa glavu, akapitisha pamba kwenye jeraha, akaitia kwenye kichupa ikapimwe vinasaba. Ikithibitika ni mbwamwitu, jirani analipwa. Hata uzio wake wa umeme alichangiwa na serikali. Pamoja na hayo yote, machozi yalimtoka mbele yangu. Sikumshangaa, maana mfugo wako unaujua mmoja mmoja.

Mimi nilikumbuka zizi letu la miiba pale kijijini Idodi, jirani na Ruaha. Usiku fisi wakianza kulia, tuliamka watoto wote kupiga madebe na kuchochea moto. Mwaka 2014 simba alituulia ng'ombe mwenye mimba. Baba alikwenda kufuatilia malipo ya serikali mara nne. Kila mara kulikuwa na fomu nyingine. Mpaka leo hajapata kitu. Na hata angepata, kinaitwa kifuta jasho. Akifa mtu, ni kifuta machozi, na kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni moja. Serikali yenyewe inasema hiyo si fidia, na majina yanakubali.

Kinachoniuma ni hiki. Wenyeji wangu wakisikia natoka jirani na Ruaha, huniambia tuna bahati, tusiwaguse simba. Wakati huohuo wanamshindwa mnyama ambaye tangu arudi kwao hajaua mtu hata mmoja. Mwaka 2022 mbwamwitu aliua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, rais wa Tume ya Ulaya, na habari ikaenea bara zima. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukapunguza ulinzi wa mbwamwitu kisheria. Sisi tuna wazee wa Njombe wanaosimulia simba wala watu wa miaka ya 1930 na 1940, ambao inasemekana waliua zaidi ya watu elfu moja hadi mwindaji George Rushby alipowamaliza mwaka 1947. Nani ana haki zaidi ya kuogopa?

Sitaki simba wauawe. Nawapenda, na ngurumo yao ya alfajiri naikosa huku kuliko chakula. Ninachotaka ni mfugaji asaidiwe kabla ng'ombe hajaliwa. Inawezekana, kwa sababu tumeiona. Tangu 2009 kuna mradi vijijini kandokando ya Ruaha uliosaidia watu kujenga maboma ya wavu wa chuma na kuwapa mbwa wa kulinda mifugo. Vijiji vimefungiwa kamera porini. Kila mnyama anayepigwa picha ni pointi, na pointi zinageuka kuwa dawa za mifugo, vifaa vya shule na huduma za zahanati. Hapo simba akipita, kijiji kinapata. Kazi hiyo isiachiwe wafadhili peke yao. Watalii wanalipa getini kumwona simba huyohuyo anayelala nyuma ya zizi la mtu, na sehemu ya hela hiyo inunue wavu.

Kaka amenitajia bei ya roli moja ya wavu, nimetuma za tatu. Fundi anaanza Jumamosi. Nimemsisitiza mlango uwe wa bati na chini pawekwe mawe, maana fisi akishindwa kupanda, anachimba.