Joka wa Kifini hana undugu na samaki

Kwa Kifini, joka huitwa lohikäärme. Lohi ni samaki salmoni, käärme ni nyoka. Ukilifumua neno hivyo unabaki na nyoka-salmoni mkononi, na hapo visa huanza kutungwa: eti joka ana magamba kama samaki, eti kwao ni majini. Visa vitamu, ila salmoni hahusiki hata chembe.

Asili ni Kiswidi cha kale, floghdraki, yaani joka arukaye. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi kwa karne nyingi, hadi 1809, na maneno mengi yalivuka. Hili lilivuka nusunusu. Draki alitafsiriwa akawa käärme. Flogh, yenye maana ya kuruka, ikaachwa na sauti yake. Lakini Kifini cha zamani hakikukubali neno kuanza na konsonanti mbili au tatu zilizobanana. Kilizipunguza mpaka ikabaki moja. Ndiyo maana Stockholm ni Tukholma, skola ni koulu, na glas ni lasi. (Sisi glasi tuliipachika irabu, wengi wetu tunasema gilasi. Wao walikata, sisi tuliongeza.) Flogh ilipopoteza f, sikio la Mfini likashika kilichokuwa karibu: lohi.

Wapo wanaoliita hilo kosa la wasiojua. Nawapinga kabisa. Sikio halikupotoka, lilikuwa kazini. Ni kazi ileile iliyotupa kipilefti. Kiingereza kilikuwa kikimwamuru dereva abaki kushoto, keep left. Mswahili akasikia ki- mwanzoni, akaliingiza neno kwenye ngeli yake, na leo tuna vipilefti. Kwenye mudguard, yaani madigadi, akasikia ma- ya wingi, akapata digadi moja. Hayo hayakupangwa na baraza lolote, na bado kanuni za lugha zilifuatwa barabara kuliko katika istilahi nyingi zinazobuniwa mezani.

Ninachokikataa ni kupasua neno vipande viwili na kudhani umeshaijua nasaba yake. Vipande vinaonyesha wasemaji walisikia nini, wala si neno lilitoka wapi.

Na anayedhani walau lohi ni Mfini wa damu, atazame ng'ambo ya kusini ya bahari ya Baltiki: salmoni kwa Kilatvia ni lasis, kwa Kilithuania lašiša. Lohi naye alitoka upande huo, karne nyingi kabla ya joka.