Mhusika mwenye gubu mezani: gharama inamwangukia nani?

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya dadu, karatasi za wahusika na msimamizi anayesimulia ulimwengu wa mazimwi na wachawi, haichukui muda mchezaji mmoja atataka kuwa mtu asiyependeka. Atakuja na mpiganaji mwenye gubu, au mchawi asiyejua kuanza wala kumaliza maongezi, au mwizi mwenye ulimi wa kukata. Wapo wanaomwona mhusika wa namna hiyo kuwa chumvi ya kundi, na wapo wanaosema ni mchanga kwenye kitumbua. Ubishi wao haufiki mbali kwa sababu unamtazama mhusika peke yake. Ukitaka kujua kama atafaa, fuatilia gharama ya tabia yake: je, analipa mwenyewe ndani ya hadithi, au wanalipa watu walioketi kuzunguka meza?

Sheria za zamani zililipanga jambo hili kwa uwazi zaidi. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, Haiba, yaani namba inayopima mvuto wa mhusika kwa watu, ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamua ni watu wangapi wa maana watakubali kukufuata. Mwenye Haiba ya 3 au 4 alipata mmoja tu, mwenye 18 alipata 12. Ukiwa hupendeki, unaingia pangoni karibu peke yako, na hasara ni yako.

GURPS, mchezo mwingine wa mezani uliotoka mwaka 1986, ilikuja na biashara nyingine: unachukua kasoro, unalipwa alama za kujengea mhusika. Tabia ya kuchukiza inakurudishia alama 5, 10 au 15, na kila alama 5 zinapunguza 1 katika dadu za kupima wageni wanavyokupokea. Kwenye karatasi ni haki tupu. Mezani kuna tundu: alama 15 zinanunua ustadi wa upanga wa mtu mmoja, lakini mlinzi wa lango akichukizwa, kundi zima linalala nje. Wanaopinga wahusika hawa wana hoja nzito hapa, maana faida ni ya mmoja na deni ni la wote.

Kwa upande mwingine, adhabu ya tarakimu mara nyingi hutozwa mara mbili, na hilo wakosoaji hawalitaji. Chukua toleo la D&D la mwaka 2014. Seti ya kawaida ya namba za kugawa kwenye sifa ni 15, 14, 13, 12, 10 na 8, na wengi hutupia ile 8 kwenye Haiba. Hiyo ni kupunguza 1 kwenye dadu ya pande 20. Kumshawishi mtu kwa ugumu wa 15, yaani namba ambayo dadu na nyongeza zake lazima ziifikie, mhusika huyu anahitaji 16 au zaidi, yaani nafasi ya asilimia 25. Mwenzake mwenye Haiba ya 16 aliyejifunza ushawishi anaongeza 5, anahitaji 10, nafasi ya asilimia 55. Pengo ni kubwa vya kutosha. Sasa mchezaji wa yule mwenye 8 anaigiza kwa uaminifu, anamwambia mfalme kuwa taji lake limekaa upande. Msimamizi, akiwa amesikia maneno hayo, anapandisha ugumu hadi 20. Dadu ikitoka 20, ukitoa 1 inabaki 19, na katika toleo hilo 20 kamili haimaanishi kufaulu moja kwa moja nje ya mapigano. Nafasi imeshuka kutoka asilimia 25 hadi sifuri. Mchezaji ameadhibiwa kwa kuigiza vizuri, na safari ijayo atanyamaza.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio: dadu kwanza, maneno baadaye. Mchezaji anataja anachotaka na hoja anayoitumia, msimamizi anapanga ugumu kwa uzito wa hoja hiyo, dadu inarushwa, kisha mchezaji anaigiza matokeo. Ikitoka 4, tunaona jinsi mambo yalivyoharibika. Ikitoka 19, ule ukweli wa kijinga kuhusu taji umemchekesha mfalme aliyechoshwa na wanaomsifu kutwa. Vyote viwili vinanoga, na tabia ya mhusika haijabadilika hata kidogo.

Utaratibu huohuo unaziba tundu la upande wa pili, yaani mchezaji mwenye maneno matamu anayeweka Haiba 8, kisha anaongea kama wakili na kutegemea msimamizi asahau karatasi. Hoja yake ikiwa nzuri, ugumu ushuke. Namna ilivyotoka mdomoni iamuliwe na dadu.

Tarakimu zinarekebishika. Muda ni mgumu zaidi, na wachezaji wengi hawauhesabu. Kikao cha muda wa saa 4 kina dakika 240. Msimamizi akichukua nusu kwa kusimulia, wachezaji watano wanagawana 120, yaani dakika 24 kila mmoja. Mhusika anayegombana na kila muuza dawa na kila mhudumu wa nyumba ya wageni anaweza kula dakika 20 kabla safari haijaanza, na wenzake wanne wametazama tu. Kanuni rahisi inayosaidia ni kwamba ukorofi wa kawaida usizidi sentensi tatu, na tukio kubwa la kuharibu mambo liwe moja kwa kikao. Mbwatukaji wa maneno machache hukumbukwa kuliko yule anayehutubia.

Kuna gharama ya tatu, iliyofichika zaidi. Kundi la wasafiri wenye akili timamu lingemfukuza mtu anayewatukana na kuwaibia. Lakini nyuma ya mhusika huyo ameketi mtu halisi, aliyealikwa, na hakuna anayetaka kumwambia aende. Kwa hiyo wahusika wengine wanalazimika kuvumilia wasichopaswa kuvumilia, na hapo wao ndio wanaoigiza vibaya. Mwenye gubu anadhani ndiye pekee mwaminifu kwa mhusika wake, kumbe uaminifu huo umegharimiwa na unafiki wa wenzake.

Ndiyo maana utetezi maarufu wa “ndivyo mhusika wangu alivyo” hauna nguvu unayojidai kuwa nayo. Mhusika hana tendo moja tu linalomfaa katika kila tukio. Mwizi mchoyo anaweza kuchomoa pochi ya rafiki aliyelala, anaweza kuficha kito kimoja kabla ya mgawo, anaweza pia kuhesabu sarafu za wote kwa sauti mpaka wachoke. Yote ni uchoyo. Mchezaji ndiye aliyechagua lile lililowaumiza wenzake, na kwa uchaguzi huo anawajibika.

Pamoja na hayo, kuwapiga marufuku ni hasara. Kundi la watu wema watupu halina la kubishania njiani, na mpatanishi wa kundi hana cha kupatanisha. Mtu asemaye ovyo mbele ya mtawala humpa mwenzake mwenye Haiba nafasi ya kuokoa jahazi. Bila yeye, ule ustadi wa ushawishi ungebaki wino kwenye karatasi. Tena wahusika hawa ndio wenye pa kwenda. Aliyeanza akiwa mpole na mchangamfu atabadilika kuwa nini?

Kati yao, asiyejua kuishi na watu ni tofauti kabisa na mkorofi, ingawa huwekwa kapu moja. Mkorofi hatari yake ni kujaza nafasi. Mwenye haya hatari yake ni kuiacha tupu: mchezaji anaamua kuwa mhusika wake haongei, na baada ya vikao viwili amekuwa mtazamaji. Njia inayofanya kazi ni kunyamazisha mhusika bila kunyamazisha mchezaji. Simulia kwa nafsi ya tatu: “Anafungua mdomo, anaufunga, anaanza kuhesabu vifungo vya koti la mlinzi.” Sema kwa sauti anachowaza na kushindwa kukitamka. Meza inacheka au inamhurumia, mlinzi hajasikia kitu.

Katika kumjenga, tabia mbili zinatosha: moja ya mwili, moja ya maneno. Anasimama karibu mno na watu, halafu anasahihisha tarakimu za wenzake. Au hatazami mtu usoni, na hujibu maswali ambayo hayakuulizwa ili yajibiwe. Mpe kichocheo mahususi, kwa sababu anayemchukia kila mtu huchosha haraka kuliko anayechukia wenye majigambo. Mpe pia kitu kimoja kinachomlainisha, kama farasi, watoto au ramani za zamani, ili wenzake wawe na mlango wa kuingilia. Epuka kuiga kigugumizi au kumfanya kituko kwa dalili zinazofanana na usonji. Huenda anayeishi na hali hiyo ameketi viti viwili kutoka kwako, na hata asipokuwepo, kicheko cha namna hiyo hakimwonyeshi mhusika. Onyesha anachokitaka na kinachomshinda.

Sababu ya kundi kumweka iwepo kabla ya kikao cha kwanza, na asiitunge peke yake. Kila mchezaji mwingine ataje jambo moja ambalo huyu mkorofi aliwahi kumtendea mhusika wake: alimbeba akiwa na homa, alilipa deni lake bila kusema. Dakika kumi zinatosha, na uvumilivu wa wenzake unakuwa na mizizi. Hapohapo mkubaliane kuhusu mlango wa kutokea: kundi likimfukuza, mchezaji analeta mhusika mpya wa kiwango kilekile na hakuna kinyongo.

Baadhi ya michezo ina zana za kulipia gharama hii. Katika mchezo uitwao Fate, msimamizi anampa mchezaji alama ya majaliwa pale kasoro yake inapomletea balaa, na mchezaji akikataa balaa hiyo, yeye ndiye analipa alama. D&D ya mwaka 2014 ina Msukumo, tuzo ya kuigiza kasoro uliyoiandika, inayokuruhusu kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Watu wachache hutumia kipengele chake bora: unaweza kumpa mchezaji mwingine Msukumo wako. Mhusika wako akimtukana jemadari na mwenzako akalazimika kusafisha uchafu, mpe yeye. Kwa tendo hilo moja deni limelipwa mezani, na mhusika hajalazimika kuomba radhi asiyoiamini.

Urefu wa mchezo nao una neno lake. Kwa hadithi ya jioni moja, chora kwa mistari minene. Hakuna atakayechoka katika saa 4. Kwa mfululizo wa miezi, mzaha uleule huwa umekufa kufikia kikao cha tano, na mchezaji ambaye bado hajaamua mhusika wake atalainika mbele ya nani ajiulize hilo kabla ya cha sita.