Mito Sita Iliyomkana Mama

Ukitaka foronya ya mto wa kochi bila kuhangaika na zipu, shona ya bahasha. Upande mmoja ni kipande kizima, upande wa pili ni vipande viwili vinavyopandiana katikati, na mto unaingizwa kupitia hapo. Mto wa sentimita 45 unataka foronya ya 44 ikishakamilika, yaani ndogo kidogo, ili mto ujae mpaka pembeni. Kipande kizima kata 46 kwa 46, kwa sababu mshono unakula 1 kila upande. Kwa vile viwili, chukua 44, ongeza 8 za kupandiana, gawa kwa mbili upate 26, kisha ongeza 3 za upindo na 1 ya mshono. Kila kimoja kitakuwa na upana wa 30 na urefu wa 46.

Hesabu hiyo nilimpa wifi yangu kwa simu, akaiandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Naitetea mpaka leo. Mito iliyotokana nayo, kule kwa kaka yangu mtaa wa Umoja, Nairobi, ilikaa vizuri kuliko ya dukani: pembe zimechongoka, upindo umenyooka, hakuna palipokunjamana. Ila yote ilikuwa inamwambia mama yetu mzazi kwamba hayupo.

Mama alikuwa anakuja kutoka Voi kuona kochi jipya. Wifi akaona haya ya kumpokea na vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo kila sebule ya Nairobi inavyo, akaenda Biashara Street kununua leso. Alirudi na doti tatu za aina moja, nyekundu na nyeusi, zenye maandishi HAKUNA KAMA MAMA. Umchagulie mama mkwe nini tena kizuri kushinda hicho?

Doti ni leso mbili zilizoshikana, kwa hiyo doti tatu ni leso sita, na leso moja ina jina, yaani yale maandishi, moja tu, limekaa chini ya mji (ile sehemu ya katikati), juu kidogo ya pindo. Majina sita, mito sita. Kwenye simu alikuwa ameona mtindo ambao bahasha inakaa mbele badala ya nyuma, ikifungwa kwa vifungo vitatu vya kifuu cha nazi. Akaamua jina likae upande huo, ili mtu akiingia tu mlangoni asome.

Niseme haki yake: mwanamke huyu hakuruka hatua hata moja. Leso mpya huja imekakamaa kwa wanga, na pamba ikiingia maji mara ya kwanza hurudi, kwa hiyo alizifua zote kabla ya kugusa mkasi. Mwenye haraka hukata kwanza, akaja kufua baadaye, foronya ikagoma kuvaa mto. Akapima rangi kwa kuweka kitambaa cheupe chenye maji juu ya ule wekundu na kukandamiza pasi ya moto. Kilipotoka na waridi, alizisuuza tena mpaka maji yakatoka meupe. (Siki hakutia, na alifanya vyema. Siki haishikishi rangi kwenye pamba, ibakizieni kachumbari.) Sindano namba 80, uzi wa poliesta, hatua ya mshono milimita 2.5. Kingo za ndani akazipitishia zigizaga zisichomoke nyuzi.

Vifungo vilikuwa na upana wa sentimita 2.5 na unene wa milimita 3. Tundu la kifungo ni upana kujumlisha unene, kwa hiyo 2.8, na hapo wengi huharibu. Upindo wa sentimita 3 hukunjwa 1 kwanza halafu 2, kwa hiyo mahali penye nguo nene ni sentimita 2 tu. Tundu la 2.8 likilala kwa upana litatoka nje ya upindo na kuraruka kwenye kitambaa kimoja. Wifi aliyasimamisha, sambamba na ukingo. Ningekuwa mwalimu ningempa alama zote.

Sasa tuje kwenye jina. Herufi za leso ile, kila moja na nafasi yake, zilichukua sentimita 3. HAKUNA KAMA MAMA ni herufi na nafasi 16, jumla 48. Wifi akakata kipande cha 60 kwa 46, jina likiwa katikati kabisa, sentimita 6 kila upande. Kisha, kama hesabu ilivyotaka, akakipasua mara mbili, 30 na 30.

Fuata tepu pamoja nami kutoka kushoto. HAKUNA inaanzia 6 na kuishia 24. Nafasi tupu mpaka 27. KAMA ni 27 mpaka 39. Nafasi tena, halafu MAMA kuanzia 42. Mkasi ulipita kwenye 30, yaani kati ya K na A. Upindo wa kipande cha kushoto ukakunja sentimita 3 za mwisho, ambazo ndizo K yenyewe. Upindo wa kipande cha kulia ukameza 3 nyingine, A. Zile 8 za kupandiana zikafunika MA iliyobaki pamoja na ile nafasi tupu karibu yote. Hakuna herufi hata moja iliyokatwa vibaya au kubaki nusu. Neno zima la KAMA lilitoweka, na ukingo wa bahasha ukatua kwenye nafasi tupu baada ya HAKUNA. Huwezi kulifuta neno kwa usafi kama ule hata ukipanga.

Kikabaki HAKUNA MAMA. Kifungo cha katikati kikakaa palepale baina ya maneno mawili, kama nukta.

Aliyekesha anashona hasomi anachoshona, anaangalia mguu wa cherehani. Kaka yangu naye aliisifu mito asubuhi, kwa jicho la mtu anayetafuta funguo. Mimi nilikwenda Syokimau kumpokea mama kwenye treni, tukafika Umoja jioni, tukaingia, wifi akaja mbio na kanga kiunoni, shikamoo, marahaba, karibu Mama, keti hapa. Mama akaketi. Miwani ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba uko chini ya ndizi.

"Kumbe mmeandika na maandishi," alisema akipapasa mto. "Neema, msomee nyanya."

Neema yuko gredi ya pili na kusoma ndiyo kwanza kumemkolea, husoma hata paketi za chumvi. Akasimama wima. "Ha-ku-na. Ma-ma. Hakuna mama!"

"Soma tena."

Akahamia mto wa pili, wa tatu, akazunguka kochi lote kwa sauti ya shuleni. Hakuna mama. Hakuna mama. Wifi alikuwa amebeba sinia la chai na mandazi, akasimama nalo mlangoni. Neema akafika mto wa sita, akasita. Huo wifi alikuwa ameugeuza wakati wa kubana pini, kipande cha kulia kikapanda juu ya cha kushoto. Ukigeuza hivyo, upande wa kushoto unabaki na herufi nne na ubavu wa ya tano, na upande wa kulia unarudishiwa MA.

"Haku... ma mama," alisoma Neema.

"Huo nao una kigugumizi," alisema mama. "Nimekaa kwenye treni tangu asubuhi, mwanangu, kuja kuambiwa na mito kwamba sipo."

"Mama, si hivyo! Kuna KAMA!" Wifi aliweka sinia chini, akanyakua mto na kuanza kufungua vifungo. Matundu ya 2.8 yaliyoshonwa vizuri hayafunguki kwa mikono inayotetemeka. Alipofanikiwa akainua ukingo, na chini yake ikaonekana MA. "A iko humu ndani ya upindo," akasema akikwaruza kwa kucha, "na K iko upande huu, Mama, imekunjwa tu, shika uone."

Mama akashika. Akaugeuza upindo, akaupima kwa kidole, akavuta mshono. "Umeshona vizuri," alisema. "Nimefutwa vizuri."

Wifi alitaka tufumue usiku huohuo. Nikamwambia aache, kwa sababu haisaidii. Jina la sentimita 48 haliingii kwenye mto wa 44, hata ulishone wima, hata ulishone umelala. Jina kama hilo linataka mto mrefu wa 60 kwa 40: kipande cha mbele 61 kwa 41 bila kupasuliwa popote, bahasha irudi nyuma inakostahili. Mwenye roho ngumu anayetaka bahasha mbele, basi ufunguzi ulale mlalo, upite juu ya maandishi, usiyakate. Na kama ni ua kubwa au ndege wa kitenge lazima apasuliwe wima, kipande cha chini hakiwezi kutoka palepale cha juu kilipoishia. Lazima kianze nyuma zaidi, sentimita 8 za kupandiana na 3 za upindo, jumla 11 kabla ya mahali ukingo wa juu utakapotua. Hizo 11 zitoke kwenye mchoro uleule unaojirudia mbele ya kitambaa, au kwenye leso ya pili. Ukikataa kununua ya pili utapata ndege bila shingo.

Kwa jioni ile tuliigeuza mito yote, upande usio na maneno ukatazama mbele. Ingetosha. Lakini kila wifi akienda jikoni, mama alikuwa akirudisha mmoja, akiuegemeza vizuri na kukunja mikono.

Ndipo akabisha jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mpole wa jumuiya ndogondogo, kaja kurudisha sufuria. Hakuwahi kumwona mama yetu. Akakuta watu wameketi kimya, wifi macho mekundu, kaka ameinama anaangalia zulia, na juu ya kochi maandishi meusi kwenye wekundu. Akasoma. Akaweka sufuria chini polepole, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Poleni sana," alisema. "Nilikuwa sijasikia. Mazishi ni lini?"

"Bado tunapanga," mama alijibu, akachovya mandazi kwenye chai.

Mama alikaa wiki nzima, na wifi akawa anamwita kwa sauti, "Mama! Mama upo?", kutoka kila chumba. Mito mitatu niliifumua nikaitoa kitambaa cha kupanga vipande vipande, mingine mama alidai aende nayo Voi, pamoja na ule wenye kigugumizi.

Juzi wifi amenipigia. Amepata leso nyingine Biashara Street, USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, herufi kubwa zilezile. Nikahesabu herufi na nafasi: 27, mara 3, sentimita 81. Nikamwambia huo sasa si mto, huo ni godoro la mtoto, na tafadhali asipasue chochote kabla sijafika.

Kukawa kimya upande wa pili. Kumbe vifungo alikuwa ameshavinunua.