Wachungaji wawili, miaka 114

Kusini mwa Mto Thames, jijini London, kuna kanisa la Kibaptisti ambalo kuanzia 1720 hadi 1836 lilikuwa na wachungaji wawili tu. John Gill alilitumikia miaka 51 mpaka mauti yalipomkuta. Akaja John Rippon, akakaa miaka 63, naye akatolewa na jeneza. Mtoto aliyezaliwa mwaka Rippon alipowekewa mikono angeweza kubatizwa, kuoa, kupata wajukuu na kuzikwa, yote kwa mkono wa mchungaji huyo huyo. Kanisa hilo ndilo baadaye lililomwita Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa karne ya 19, na kujulikana kwa jina la Metropolitan Tabernacle. Peter Masters, aliyeanza kulichunga mwaka 1970, amevuka miaka 50.

Msomaji aliyelelewa katika usharika wa Kilutheri au parokia ya Kikatoliki atashangaa. Kwake yeye mchungaji au padri ni mtu wa uhamisho: barua inakuja, vyombo vinapakiwa, washirika wanalia kidogo, maisha yanaendelea. Kwa Wabaptisti hakuna askofu wa kuandika barua hiyo. Washirika wenyewe hukaa kikao, hupiga kura na kumwita mchungaji, na ni wao tu wenye uwezo wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Utaratibu huo ndio uliofika Kenya na Tanganyika mwaka 1956 pamoja na wamishenari wa Kibaptisti kutoka Marekani, kwa hiyo kisa hiki cha London hakiko mbali na sisi kama kinavyoonekana.

Wanaotetea utumishi mrefu wana hoja nzito, na katika kanisa hili ushahidi wao upo wazi. Gill alimaliza ufafanuzi wake wa Agano Jipya lote mwaka 1748, akiwa na miaka 28 kazini. Wa Agano la Kale ulikamilika 1766. Mstari kwa mstari, Biblia nzima, kazi ya mtu mmoja aliyekuwa akihubiri kwa washirika walewale kila juma. Mchungaji anayehamishwa kila baada ya miaka minne haandiki kitu cha namna hiyo, kwa sababu nusu ya muda wake inakwisha katika kujifunza majina ya watu. Rippon naye alitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1787 kilichosambaa mbali sana na London, akajenga na nyumba za kuwahifadhi maskini.

Kwa Spurgeon hoja hiyo inapata tarakimu. Alipoitwa mwaka 1854 kanisa lilikuwa na washirika 232. Mwishoni mwa 1891 walikuwa 5,311. Jengo la mwaka 1861, lenye viti vya watu wapatao 5,000, lilifunguliwa bila deni. Chuo cha wachungaji kilianza 1856 na mwanafunzi mmoja. Kisha mjane wa kasisi alitoa pauni 20,000 ili kianzishwe kituo cha watoto yatima. Mtu hampi mchungaji mgeni pauni 20,000. Anampa yule ambaye amemwona anaahidi na kutimiza, mwaka hadi mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi hawa hawalisemi sana, ingawa mimi naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Ukifuatilia magomvi ya kanisa hili, mengi yanakutana mlangoni, wakati wa kumwingiza mchungaji mpya. Mwaka 1719 kanisa liligawanyika juu ya Gill, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kama kura za wanawake zihesabiwe. Rippon alipoitwa, washirika wapatao 40 waliondoka wakaanzisha kanisa lao. Alipofariki Spurgeon mwaka 1892, waumini waligawanyika kati ya waliomtaka mwanawe Thomas na waliomtaka Arthur Pierson, Mpresbiteri wa Marekani aliyekuwa akishika mimbari wakati wa ugonjwa na ambaye hata ubatizo wa maji mengi alikuwa hajaupata. Basi kanisa linalobadili mchungaji mara moja katika miaka 50 linaufungua mlango huo wa ugomvi mara moja. Linalobadili kila miaka mitano linaufungua mara kumi.

Hadi hapo unaweza kudhani kesi imekwisha. Haijaisha.

Tazama namna Gill alivyomaliza. Alipozeeka, watu walipungua ibadani, na wakaja washirika waliopendekeza apewe msaidizi. Jibu lake limehifadhiwa: kwamba Kristo hulipatia kanisa wachungaji ni hakika, lakini kwamba hulipatia wachungaji wenza si hakika sana. Akalifananisha kanisa linalodai mchungaji mwenza na mwanamke mwenye mume hai anayetaka kuongezewa mume mwingine. Jibu kali, na la kuchekesha ukilisoma mara ya kwanza. Ukilisoma mara ya pili unamwona mzee aliyeziba njia kwa ulimi wake mwenyewe, na mbele yake wamekaa watu ambao tangu utotoni hawajawahi kumpinga.

Mwisho wa Rippon ulifanana na huo. Spurgeon, alipoandika historia ya kanisa lake, hakumfichia: alisema mzee aliishi kupita wakati wa manufaa yake, na kwamba ni Mungu tu aliyelilinda kanisa lisiumizwe vibaya. Huyo ni mrithi wake anayesema, wala si adui. Katika miaka hiyo ya mwisho jumba la ibada la kanisa hilo, lililokuwa Carter Lane, lilibomolewa kupisha barabara za kuelekea Daraja jipya la London, na jumba jipya la New Park Street likafunguliwa 1833 mahali pabaya, bondeni, karibu na viwanda, ambapo mto ulifurika. Sitambebesha Rippon lawama zote za uamuzi huo. Lakini kanisa lenye mchungaji wa miaka 82 haliko katika hali nzuri ya kuamua litajenga wapi.

Kisha fuata hesabu ya baada yake. Kati ya kifo cha Rippon na kuja kwa Spurgeon ni miaka 17, na katika miaka hiyo walipita wachungaji watatu: Joseph Angus, James Smith na William Walters. Hawakuwa watu dhaifu. Angus aliendelea kuwa kiongozi mkubwa wa elimu ya Kibaptisti Uingereza. Ila jumba lililojengwa kwa watu 1,200 lilibaki na viti vitupu, na hao 232 aliowakuta Spurgeon ndio mabaki. Gharama ya kukaa sana hailipwi na anayekaa. Huandikwa kwenye daftari la anayemfuata.

Wapo wanaosema dawa ni ukomo wa miaka, kama ule wa marais. Sikubaliani nao. Ukomo wa miaka 20 ungemwondoa Gill kabla hajamaliza Agano Jipya, ungemwondoa Spurgeon mwaka 1874 kanisa likiwa bado linakua, na haungegusa kabisa shida yenyewe, ambayo ni kikao cha washirika kilichonyamaza. Wabaptisti wamekipa kikao hicho mamlaka yote. Mchungaji mkubwa hakipokonyi mamlaka, ila hukifanya kisahau kwamba kinayo. Gill, Rippon na Spurgeon walikuja wakiwa na umri wa miaka 22, 21 na 19. Waliowapigia kura walikuwa wazee wao, wenye ubavu wa kuwakemea. Miaka 30 baadaye wazee hao wamekwisha, na kikao kimejaa watu waliobatizwa na mchungaji mwenyewe. Nani atamwambia ang'atuke?

Hapo Spurgeon alijitahidi kuliko waliomtangulia. Alirudisha huduma ya wazee wa kanisa kando ya mashemasi mwaka 1859, na mwaka 1868 ndugu yake James akawa mchungaji msaidizi. Lakini msaidizi hakuwa mrithi, na mwaka 1887, Spurgeon alipojitoa katika Umoja wa Wabaptisti akidai mafundisho ya imani yameporomoka humo, ni vigumu kuona mtu nyumbani kwake ambaye angeweza kumpinga kwa uzito uleule. Pengine alikuwa sahihi. Kanisa lilirudi katika Umoja huo 1955 na kutoka tena 1971, kwa hiyo mjadala wenyewe haukufa naye.

Wanaomtaja Spurgeon kama ushahidi kwamba mchungaji bora asiondoke husahau jambo moja la umri. Alifia Menton, Ufaransa, Januari 1892, akiwa na miaka 57 na mimbari bado inavuta maelfu. Rippon alikufa na miaka 85. Ili tumlinganishe naye kwa haki, Spurgeon angepaswa kuwa bado anahubiri mwaka 1919.