Tema, Najua Unayo!

Wanaosema mtoto wa mbwa hulala saa 18 mpaka 20 kwa siku hawasemi uongo. Wanachokificha ni kwamba hizo saa chache zinazobaki huwa ameziwekea akiba mikutano yako.

Wa kwangu anaitwa Taratibu. Jina nilimpa kwa matumaini, si kwa ushahidi. Ana miezi 4, umri ambao meno 28 ya utotoni yanaanza kuyapisha yale 42 ya ukubwani, na ufizi unamwasha usiku na mchana. Mguu wa meza, waya wa chaja, kisigino changu: vyote ameshavionja.

Siku ya mkutano wa bajeti nilijipanga. Asubuhi sikumwekea chakula kwenye bakuli. Nilikinyunyiza punje punje ndani ya taulo kuukuu, nikalikunja na kulipiga mafundo, ashinde akinusa na kufukua. Kunusa nako humchosha mbwa mdogo, na kweli, alipomaliza alipitiwa na usingizi pale pale, kona ya taulo ikiwa bado mdomoni. Kwenye friza kulikuwa na kitambaa nilichokilowesha maji na kukigandisha, cha kumtuliza ufizi mambo yakiharibika. Mkutano ukaanza. Nikafunga maiki, nikawa natikisa kichwa kila panapostahili kutikiswa.

Ubaya wa usingizi wa mtoto wa mbwa ni kuamka. Akifumbua macho tu, kibofu nacho kimeamka, na zile dakika chache za kumfikisha nje haziongezeki eti kwa sababu mkurugenzi anaongea. Nikazima kamera. Nikachomoa hedifoni ya sikio moja, hizi ndogo zisizo na waya, nikaiweka ukingoni mwa kiti. Ya pili nikaiacha sikioni nisipitwe na neno. Nikainama nimbebe.

Alivyoinyakua sikuona. Nilichoona ni mkia ukiingia uvunguni mwa kitanda. Nikalala kifudifudi, shavu sakafuni, mkono ndani mpaka begani. Kule gizani macho mawili yananitazama kwa furaha kubwa, na pembeni mwa mdomo taa ndogo ya kijani inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika.

Sasa, hedifoni zangu ukizibonyeza mara moja maiki inafunga, ukibonyeza tena inafunguka. Mara ya kwanza nilibonyeza mimi. Ya pili alinisaidia Taratibu, kwa gego. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

"Jamani," mkurugenzi akasema sikioni mwangu, "kuna mtu anatafuna karibu na maiki. Tuheshimiane."

Nikamuunga mkono kabisa, nikiwa pale pale sakafuni. Watu wengine bwana, hata kufunga maiki kazi.

Kumfukuza mbwa mwenye kitu mdomoni ni kumwambia mchezo umeanza, najua. Lakini ndani ya kidude kile mna betri, na betri ikitobolewa au ikimezwa huweza kumuunguza mdomo, koo na tumbo; hapo hakuna cha kusubiri uone, ni kwa daktari wa mifugo moja kwa moja. Elimu yote ikanitoka, nikaanza kufoka.

"Kile kifungu cha mafunzo ya wafanyakazi," mkurugenzi akaendelea, "mimi naona tukiondoe."

"Acha!" nikasema. "Nimesema acha!"

Kimya. Kisha mkurugenzi, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: "Aah... kwani wewe unaonaje?"

Nikajua anaongea na mwingine. "Taratibu!" nikazidi kupaza sauti. "Taratibu, usinichezee!"

"Basi, basi, kibaki," akasema. "Tusifikishane mbali. Twende kwenye fedha za safari. Mhasibu mkuu, karibu."

Mhasibu mkuu akaanza kusoma tarakimu zake. Taratibu naye akainua kichwa, nikaona koo linacheza. Moyo ukanilipuka.

"Usimeze! Tema! Tema hapo hapo, najua unayo! Ukiimeza hiyo utapasuliwa tumbo leo leo, na itatoka tu!"

Mhasibu mkuu akakatika katikati ya tarakimu.

Sikuwa na muda wa kujiuliza kapatwa na nini. Nilikimbilia friza, nikarudi na kile kitambaa. Mbwa haachii kitu kwa vitisho, anaachia kwa kubadilishiwa na kilicho kitamu zaidi, na ule ubaridi ulipomgusa tu pua, hedifoni ikadondoka yenyewe. Nzima, inachuruzika mate, ina vishimo vya meno vilivyojipanga vizuri kabisa. Nikaifuta kwa shati, nikaipachika sikioni, nikarudi mezani na njiani nikakanyaga maji ya uvuguvugu. Safari ya nje mimi nilikuwa nimeshaisahau. Mwenzangu hakuisahau.

Nikawasha kamera. Kioo kizima ni nyuso, na zote zinanitazama mimi. Ndipo jicho likatua kwenye alama ya maiki. Wazi.

Mhasibu mkuu alikuwa anajifuta jasho kwa leso. "Mimi sijakataa," akasema, macho chini. "Stakabadhi ninazo zote. Zilibaki kwenye gari tu. Kesho asubuhi naziwasilisha, hatuna haja ya kufika huko kwa kupasuana matumbo."

Nilifungua mdomo nieleze. Kabla neno halijatoka, Taratibu akanguruma chini ya meza, kitambaa chake kikiwa mdomoni, ngurumo ndefu ya mtu asiyetaka mzaha.

"Au hata leo jioni," akasema mhasibu mkuu.