Usimwage Klorini Bwawani Kabla ya Kupima

Wengi wenye bwawa dogo nyumbani hupima maji kwa jicho na pua. Yakionekana maangavu, watoto wanaruhusiwa kuingia. Yakinuka klorini, inasemwa dawa imezidi. Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Ile harufu kali inayowasha macho kwa kawaida ni ya kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo ikapoteza nguvu. Mara nyingi maji ya namna hiyo yanahitaji kuongezewa klorini, na mwenye bwawa ndipo anapoacha kuitia.

Halafu kuna pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ambayo naona inapuuzwa mno. Klorini inaweza kuwemo ya kutosha na bado isiue vijidudu inavyopaswa. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili yake iko katika hali yenye nguvu. Ikifika 8, inabaki kama robo tu. Mtu anamwaga dawa siku nenda siku rudi, kumbe tatizo liko kwingine. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikiwa haitulii, angalia kwanza alkalini, ambayo inafaa iwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita, kwa kuwa ndiyo inayozuia pH isiyumbe.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Chupa izamishwe hadi kina cha kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye chujio. Maji ya juujuu yanadanganya. Na kwa vipimo vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi, kuwa macho: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi, rangi huchomoza kisha ikafutika, ukadhani hamna kitu ukaongeza nyingine. Ukiona hivyo, changanya sampuli nusu kwa nusu na maji yasiyo na klorini, upime tena, kisha uzidishe jibu mara mbili.

Bwawa dogo halisamehe makisio. Kwenye lita 10,000, gramu 15 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 zinatosha kupandisha miligramu 1 kwa lita. Gramu 150 zinapandisha 10. Kwa hiyo mizani ndogo ni ya lazima, na ningeinunua kabla ya mapambo yoyote ya pembeni.

Vile vidonge vinavyoyeyuka polepole navyo vingi huacha asidi ya sainuriki, ambayo haiondoki na jua. Ikirundikana, klorini inazubaa, na dawa ya kawaida ni kupunguza maji na kujaza mapya.

Asidi ya kushushia pH na klorini zisikae pamoja, wala kijiko cha moja kisiingie kwenye nyingine, maana zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Unapozimua asidi, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.